Upande wa Kushoto wa Karatasi

Saa sita mchana, mwezi wa kumi, mikoko ya mdomo wa Ruvuma huinuka kutoka ardhini. Hupanda kimo cha mtu mmoja, ikaacha mstari mweupe wa hewa chini ya mizizi, ikaelea hapo mpaka jua lishuke. Asia Bakari alijua kuwa ni joto tu, linavyopinda mwanga juu ya majaruba ya chumvi. Mwalimu wa sayansi aliwaeleza hivyo darasa la saba, naye alimwamini. Lakini siku ile miti ilipoinuka haikusimama. Iliendelea kupanda, polepole, na chini yake vikaanza kumetameta vidoa vya rangi ya fedha, kama dagaa wanaogeuka kwa pamoja. Kisogo kilimpiga kwa mapigo ya utaratibu, yasiyo na haraka. Akataka kumwambia mwenzake Lucy kwamba samaki wamepanda angani, akashangaa kujikuta amekaa ndani ya maji, miguu imenyooka mbele yake, na Lucy amemshika makwapani.

Kazi yake pale ilikuwa kuonja. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote, yakakaa siku kadhaa katika jaruba la kwanza yakipungua kwa jua, kisha hufunguliwa yaingie la pili, kisha la tatu, na kila jaruba huyapokea yakiwa makali kuliko yalivyoingia lililotangulia. Mtu akifungua mapema, chumvi haigandi. Akichelewa, hugandia njiani. Asia alichovya kidole, akaonja, akatema, akasema leo au kesho, na kwa miaka kumi na mmoja hakukosea zaidi ya mara mbili au tatu. Gharama yake ilikuwa nyumbani. Ulimi ulikuwa umekufa ganzi, na mboga alizopika yeye hakuna aliyeweza kuzila bila kuziongezea maji kwanza.

Lucy, mke wa mwalimu kutoka Songea, alimpeleka zahanati na kanga yake bado inachuruzika.

Tabibu aliitwa Mikaeli. Alikuwa mtu wa Njombe, na baada ya miaka miwili pwani bado alitembea na leso ya kufutia jasho mkononi. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimketisha Asia dakika tano bila kumsemesha, nyayo sakafuni, mgongo kwenye kiti, akapima mkono wa kulia, akapima wa kushoto, akarudia wa kulia. Mia na themanini na nane kwa mia na kumi na sita. Akaanza kuuliza. Sigara, hapana. Pombe, hapana. Umri, thelathini na saba. Chumvi, na hapo Lucy akacheka peke yake. Mwisho akauliza kama kwao kuna mtu mwenye presha, au aliyepata kiharusi, au aliyekufa ghafla.

Asia alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa swali lilistahili. Bibi yake alikufa amepita miaka tisini, akiwa na meno sita yake mwenyewe. Mama yake, Mwanakombo, ana sitini na sita na bado analima muhogo. Mjomba Hashimu ana sabini na mbili na bado anapanda minazi, tena kwa majivuno. Mama wadogo wawili, wazima. Akasema hakuna, na Mikaeli akaandika hakuna.

Hakudanganya. Alihesabu watu wake wote, na alihesabu vizuri.

Mikaeli alimpa vidonge vyeupe vya mwezi mmoja, kimoja kila asubuhi, akamwambia kwamba si dawa ya kumaliza kama ya malaria. Ni ya kila siku, na mwezi ukiisha aje kuchukua vingine, na baada ya hapo vingine. Asia akauliza mpaka lini.

"Mpaka uzeeni," alisema Mikaeli. "Ukiacha, ni kiharusi au figo. Sijui kipi kitaanza, ila kwa namba hizi hakitachelewa."

Alivimeza. Siku za kwanza alihisi miguu mizito, kisha kichwa kikatulia, na mikoko ikarudi kuelea mahali pake pa kawaida. Dunia ilikuwa na kingo tena. Hapo ndipo wakubwa wa nyumba walipoanza kuzungumza. Mjomba Hashimu, ambaye katika nyumba ile neno lake ndilo hufunga mazungumzo kwa kuwa ndiye kaka wa mama, alisema presha ni ugonjwa wa maofisini, na kwamba katika uzao wao haijapata kukanyaga. Jua ndilo lililompiga. Mtu aliyepigwa na jua hupumzishwa kivulini, halishwi dawa mpaka uzeeni kama anadaiwa na duka la dawa. Akanyoosha mkono wake mkavu, wenye mishipa kama kamba za katani, akasema, tazama, huu ni mkono wa kwenu.

Asia aliutazama. Aliona mantiki ndani yake. Kama ugonjwa haukuja na damu, basi umeletwa na jua na chumvi, na kilicholetwa na jua na chumvi huondoka mtu akikaa mbali navyo. Akapunguza saa za juani. Siku ya ishirini na nne hakumeza kidonge, aone. Hakuona kitu. Siku ya ishirini na tano pia.

Siku zilizofuata zilikuwa nyepesi, nyepesi kupita kiasi. Alitembea juu ya kingo za majaruba kama mtu anayetembea juu ya mwili wake mwenyewe akiwa amelala. Sauti zilimfikia zikiwa zimefungwa kwenye pamba. Alasiri moja alijinyoosha kwenye mkeka ubarazani, na katika usingizi huo wa mchana aliona majaruba yametandazwa hadi upeo wa macho, na katika kila jaruba ameketi mtu mmoja, kimya, maji yakimfika kifuani. Upande wa kulia aliwajua wote: bibi, mama, mjomba, mama wadogo. Walimpungia. Upande wa kushoto pia palikuwa na watu, lakini kila alipowaangalia mwanga uliruka juu ya maji na kumziba macho. Mlango wa jaruba lake ulikuwa wazi pande zote mbili. Maji yalimjia kutoka kulia na kutoka kushoto, na yale ya kushoto yalikuwa makali.

Aliamka pua inamtoka damu.

Mia na tisini na sita kwa mia na ishirini. Mikaeli hakumkaripia. Aliuliza vidonge viko wapi, naye akamjibu ukweli, pamoja na sababu zote, pamoja na mkono wa mjomba. Mikaeli alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza karatasi ya fomu iliyokwisha kutumika, akachora mduara katikati, chini.

Akasema huo ni yeye. Mwanamke ni mduara, mwanamume ni mraba. Juu upande wa kulia akachora mduara wa mama, na mjomba mraba kando yake, na mama wadogo, na bibi juu yao. Aliuliza umri wa kila mmoja na kuuandika. Upande ule ukajaa haraka, safi, hakuna hata alama moja iliyotiwa wino ndani. Upande wa kushoto akachora mraba mmoja tu, akaunganisha na mstari, akangoja.

"Baba yako je?"

"Marehemu."

"Alikufa na nini? Nilikuuliza siku ile, ukasema hakuna."

Asia alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Uliniuliza kwetu, dokta. Baba si wa kwetu. Baba alikuwa wa kwao."

Mikaeli aliweka kalamu chini, akajifuta jasho. Miaka miwili alikuwa ameuliza swali lile kwa mamia ya watu wa pwani hii, na mamia walimjibu kwa uaminifu, na sasa alikuwa anawaona wote wakiwa na nusu ya karatasi. Kwao Njombe mtoto ni wa baba. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali ambapo mtu akiulizwa habari za watu wake, humruka baba yake bila hata kujua kwamba ameruka kitu.

Akaeleza taratibu. Mtu anaweza kuwa wa mama kwa shamba, kwa jina la ukoo, kwa mazishi na kwa mjomba wa kumwozesha. Hayo wameyapanga watu, na ni haki yao. Mwili haukuhudhuria kikao hicho. Mwili hupokea vinasaba nusu kwa nusu, nusu ya mama na nusu ya baba, hata kama baba mwenyewe aliondoka kabla ya mtoto kuota meno. Na presha haina kinasaba kimoja cha kukinyooshea kidole. Wataalamu wameshapata sehemu zaidi ya elfu moja zinazoigusa, na nyingi kati ya hizo huisukuma kidogo mno, chini ya milimita moja ya kipimo. Moja haina maana. Mtu akizipokea nyingi pamoja, na juu yake akala chumvi, ndipo mambo huharibika.

"Basi ni chumvi," Asia alisema, akiwa bado anatafuta mlango wa kutokea.

"Lucy anafanya kazi hapo hapo. Anakula samaki wa chumvi, hao ng'onda, kuliko wewe. Nilimpima siku ile alipokuleta, ana mia na kumi na nane." Akaugonga ule mduara wa chini kwa kalamu. "Figo za Lucy huitoa chumvi. Zako, nadhani, huishika. Hilo hukulijifunza kwenye majaruba. Ulizaliwa nalo."

Asia akauliza kama kuna kipimo cha kulithibitisha. Mikaeli akasema kipo duniani, hapa hakipo, na hata kingekuwepo kisingebadilisha kidonge cha asubuhi. Alichokuwa nacho ni karatasi. Akaikunja mara mbili, akampa, pamoja na vidonge vya mwezi mwingine. Akasema akiweza kuujaza upande ule mweupe, aujaze. Asipoweza, avimeze hivyo hivyo.

Ushauri wa pili Asia hakuufuata. Alijijua. Asingeweza kumeza kitu kila asubuhi mpaka uzeeni kwa sababu ya mraba mtupu. Alitaka kwanza kujua kuna nani ndani yake.

Nyumbani alichojua juu ya baba yake kilienea kwenye kiganja. Bakari alikuja kuishi kwa wakwe zake kama ilivyo ada, akakaa miaka minne, akaondoka Asia akiwa wa miaka mitatu. Alirudi kwao Ziwani, akaoa huko. Asia akiwa wa miaka tisa, ikaja habari kwamba ameanguka kutoka kwenye mkorosho na kufa. Mama alitikisa kichwa, akaendelea kumenya muhogo. Hakuna aliyekwenda kwenye msiba.

Mjomba Hashimu aliposikia anataka kwenda Ziwani alikataa kwa utulivu. Msimu wa korosho umeanza, alisema. Binti wa marehemu akitokea sasa, baada ya miaka ishirini na nane, akiuliza uliza habari za baba, kila mtu kule atajua amefuata mikorosho. Watamdhalilisha, na wakimdhalilisha yeye wamemdhalilisha mjomba wake. Mama yake Asia alingoja mpaka kaka yake aende msikitini, kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo, kwamba nyumba ilikuwa ng'ambo ya kisima cha zamani, na kwamba wakati ule ilikuwa na mlango uliopakwa rangi ya kijani.

Alikwenda kwa bodaboda. Barabara ya mchanga ilipita katikati ya mikorosho iliyoinama mpaka chini, na hewa yote ilikuwa imejaa harufu ya mabibo yanayochacha, tamu na ya kulevya. Kichwa kilikuwa kimeanza tena. Kila pikipiki ilipotelezea kwenye mchanga laini, miti ilisogea kando kama watu wanaompisha mgeni. Mlango wa kijani haukuwepo tena. Palikuwa na mlango wa bati, na mbele yake, kivulini, mwanamke ameketi juu ya gunia, akiyapindua mabibo na kung'oa korosho zake kwa mkono wa kulia peke yake. Mkono wa kushoto ulikuwa umewekwa pajani kama kitu alichoombwa kumshikia mtu.

Asia alibisha hodi. Mwanamke akainua uso.

Ilikuwa kama kuinamia jaruba la kwanza asubuhi, kabla ya upepo. Paji lile, masikio yale madogo, ule mwanya kati ya meno ya mbele. Lakini maji yalikuwa yameguswa: nusu ya kushoto ya uso ule ilikuwa imelala. Jicho liliteremka, shavu likaning'inia, na nusu nyingine ilibaki macho, ikimtazama Asia kwa makini.

Mwanamke yule ndiye aliyesema kwanza, maneno yakitoka pembeni mwa mdomo. "Kama umefuata mikorosho ya baba, umechelewa. Wapwa zake waliigawana zamani. Mimi binti yake hapa ni kibarua, naokota chini ya mti wake."

"Sikufuata mikorosho. Nimekuja kuuliza alikufaje."

"Kwenu walikwambia nini?"

"Kwamba alianguka kutoka kwenye mkorosho."

Nusu ya uso iliyokuwa macho ikacheka. "Nani anapanda mkorosho? Korosho huanguka yenyewe, wewe unainama unaokota. Watu wa chumvi nyie." Akatupa bibo moja kwenye rundo. "Alikuwa amesimama chini. Nilikuwa pale, na kikapu changu kidogo. Alishika kichwa, akasema jua limezidi leo, akaenda chini kama gunia. Hakupanda popote."

Asia aliketi kwenye mchanga bila kukaribishwa.

Mwanamke aliitwa Mwanahamisi. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alieleza mengine bila kuacha kazi, kwa mpangilio, kama mtu anayepanga vyombo kabatini. Baba alikufa na miaka arobaini na tatu. Mama yake baba alikufa na arobaini na sita, akiwa kwenye kinu, mchi mkononi. Baba mdogo Omari figo zilisimama, akavimba, akazikwa kabla ya hamsini. Watu walisema nyumba ile ina upepo mbaya, ukipita juu ya paa huchagua mtu. Yeye mwenyewe ulimchagua mwaka jana mwezi wa Ramadhani. Alinyanyua kikombe cha uji kufuturu, akakiona kinaanguka, na akashangaa ni nani aliyekiachia.

"Mjini walinipa vidonge," alisema. "Nilimeza miezi miwili. Mkono ukaanza kunyanyuka, mdomo ukarudi kidogo, nikaacha."

"Kwa nini uliacha?"

"Nilipona."

Walitazamana. Upepo ulipita kwenye majani, na harufu ya mabibo ikawafunika wote wawili kwa shuka moja.

"Na wewe?" Mwanahamisi aliuliza.

"Siku ya ishirini na nne," Asia alisema.

Hapo walicheka pamoja, na Asia alisikia kicheko chake kikitoka kwenye vifua viwili. Hakikudumu. Alifungua karatasi, akainyoosha juu ya gunia, akaeleza miduara na miraba. Mwanahamisi aliinama karibu sana, kwa jicho lake zima. Akauliza wino unaotiwa ndani maana yake nini, akaambiwa ni mtu mwenye ugonjwa huu. Akaweka kidole juu ya sehemu nyeupe, mahali ambapo dada mdogo wa mduara ule angepaswa kuwa, akakiacha hapo.

"Bibi yetu yule wa kwenye kinu, unajua aliitwaje?"

Asia hakujua.

"Asia. Baba alikuwa akisema ana binti upande wa mtoni amempa jina la mama yake. Sisi tukadhani anatudanganya, ajitukuze."

Kwao Asia, ilijulikana tu kwamba mama alilipenda jina hilo. Asia alitazama mikono yake. Ilikuwa na nyufa za chumvi, na ndani ya nyufa hizo, chini ya ngozi, damu ilikuwa inasukuma kwa nguvu isiyo yake peke yake. Alifikiri juu ya milango ya majaruba. Jaruba halichagui maji. Hupokea yaliyofunguliwa juu yake, yakiwa na ukali wa kila mahali yalikokaa kabla. Lakini yupo mtu anayesimama kwenye mlango na jembe. Kazi hiyo aliijua.

Kabla ya saa tisa walikuwa wamefika zahanati ya huko, Mwanahamisi nyuma yake kwenye pikipiki, mkono mmoja ukiwa umemzunguka kiunoni. Mia na sabini na nne kwa mia na kumi. Alipewa vidonge vyeupe vilevile. Nje, kwenye ngazi, Mwanahamisi alisema ukweli kwamba atameza wiki mbili, atajisikia vizuri, na ataacha. Alijijua. Asia akasema yeye pia. Wakakaa wakiutafakari ukweli huo kama watu wawili waliokuta jiwe katikati ya njia.

"Una simu?" Asia aliuliza.

"Ipo. Salio hakuna."

"Salio halihitajiki. Ukimeza, nibipu. Nikimeza, nakubipu. Mara moja, usipokee. Siku simu isipolia, anayengoja anapanda pikipiki."

"Kila siku?"

"Mpaka uzeeni."

Nusu ya uso ikafikiri. "Na ukija bure, nimesahau tu?"

"Utanilipia pikipiki kwa korosho za baba," Asia alisema, na kwa mara ya kwanza Mwanahamisi akamwita dada, akamwambia asiwe na dharau.

Asia aliporudi, Mikaeli aliujaza upande wa kushoto kwa wino wa bluu. Mraba wa Bakari, ndani wino. Mduara wa bibi Asia, wino. Mraba wa Omari, wino. Chini, kando ya mduara wa Asia, akachora mduara mwingine na kuutia wino pia. Akasema nyumba hii ina mzigo mkubwa kuliko alivyodhani, na pengine katika zile sehemu elfu ipo moja yenye nguvu kuliko nyingine. Hana njia ya kujua, na hatasema asichokijua. Aliongeza kidonge cha pili, kidogo, cha kusaidia figo kutoa maji na chumvi. Akamwambia aache kuonja maji, si kwa sababu ya tone analotema, ila kwa sababu ya ulimi anaoupeleka jikoni. Kisha akafungua daftari lake la wagonjwa, ukurasa wa kwanza, akaanza kuweka alama ndogo ya kuuliza mbele ya kila neno hakuna.

Nyumbani mjomba Hashimu alisikiliza yote. Alipoona hakuna aliyemdhalilisha mtu, alisema basi, kama ni ya upande ule, hilo ni jambo jingine, yeye hakuzungumzia upande ule. Mama yake Asia alichukua karatasi, akaigeuza huku na huku. Hakujua kusoma, lakini mraba mmoja aliutambua kwa mahali ulipokaa.

"Kwa hiyo alikuachia kitu, yule," alisema. "Nami nikamtangaza mji mzima kuwa kaondoka mikono mitupu."

Siku hizi Asia hatumii ulimi. Ana yai la kuku kwenye kikombe cha plastiki. Analiweka kwenye jaruba la kwanza linaelea likionesha kidogo tu cha mgongo wake, kwenye la pili linainuka zaidi, na linapofikia kimo alichokizoea macho yake, anafungua. Wiki za mwanzo alikosea mara tatu, na wenzake walimtania kwamba sasa kuku ndiye msimamizi. Mboga zake zinalika. Presha ilishuka hadi mia na thelathini na nane kwa themanini na nane, na Mikaeli aliiandika namba hiyo kubwa kuliko zote.

Humeza saa kumi na mbili na nusu, amesimama kwenye ukingo, kwa maji ya chupa. Anabipu. Kisha anangoja bipu ya Mwanahamisi.

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili haikuja. Saa moja ilipita. Alifungua mlango wa jaruba la pili, akaufunga. Saa mbili ikafika. Simu ilikuwa kwenye pindo la kanga yake, tuli kama jiwe. Upande wa bara, juu ya mikorosho ya mbali, joto lilikuwa limeanza kazi yake mapema, na miti ikawa inaachana na ardhi mmoja mmoja. Alimwambia Lucy aliangalie yai. Akavua mabuti, akanawa miguu, akaanza kutembea kuelekea barabarani kunakosimama pikipiki, bila kukimbia, akihesabu hatua ili asihesabu kitu kingine.

Alikuwa ameshainua mkono kumsimamisha kijana wa bodaboda simu ilipotetemeka. Mara moja. Ikakata.

Asia alisimama mahali pale, mkono bado uko juu. Dereva alizima injini, akauliza anakwenda wapi. Akamwambia Ziwani, lakini si leo. Kisha akageuka kurudi kwenye majaruba, maana lile la tatu lilikuwa karibu kuwa tayari.